Tongoni Haitatusubiri

Wanachuo wenzangu, hasa wa Ualimu, tuseme ukweli. Mtu anamaliza digrii ya Historia akiwa ameukariri Mkutano wa Berlin wote, lakini Tongoni hajawahi kukanyaga. Mimi nimesoma sekondari Tanga miaka minne. Hatukupelekwa hata siku moja. Na si mbali: haifiki kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Pangani.

Pale pana magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya nguzo. Mwambao mzima wa Afrika Mashariki hauna mahali pengine penye makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho kwa pamoja. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi ya nguzo zilipachikwa mabakuli ya kauri ya China. Leo yamebaki matundu tu. Tundu moja kati ya hayo linafundisha biashara ya Bahari ya Hindi kuliko madesa ya kurasa kumi. Mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba Vasco da Gama alipopita maji haya mwaka 1498, watu wa hapa walikuwa tayari na mji, msikiti na wateja wa ng'ambo.

Shida ni kwamba nguzo nyingi zimeshaanguka, na bahari inazidi kula ufukwe.

Najua mtakachosema: boom lenyewe halitoshi, mawe yatatusaidia nini? Jibu langu ni la kikazi. Kesho tutapangiwa shule, tutakabidhiwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu ambaye hajaona chochote atawasomea watoto kitabu, na wao watakariri kama tulivyokariri sisi.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi: hela za tripu zipo, kila mwaka tunakwenda mbugani na kula bata ufukweni. Basi moja tu liende Tongoni. Na wewe utakayepangiwa BTP Tanga, zungumza na mkuu wa shule, peleka darasa moja. Lipieni kiingilio, msikilizeni mwongozaji, kila mtoto achore kaburi moja na kuandika alichokiona. Nguzo ikidondoka baadaye, angalau kutakuwa na darasa zima linalojua ilisimama wapi.