Shukrani Isigeuzwe Kuwa Ukimya

Shukrani ya punda ni mateke, husema Waswahili. Na wodini methali hii humwangukia upesi mwanafunzi anayethubutu kumhoji mkufunzi wake. Huonekana mtovu wa shukrani. Maoni yetu ni kinyume chake: shukrani ya kweli humpa mwanafunzi ujasiri wa kuuliza.

Ni kweli kwamba haiba ina nafasi yake. Mwaka 2002 Michael McCullough na wenzake walionyesha kuwa watu wapole na wanaoelewana na wenzao huelekea kushukuru zaidi, ilhali wenye wasiwasi mwingi huelekea kushukuru kidogo. Hata hivyo, haiba si hukumu. Mwaka 2003 Robert Emmons na McCullough walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliandika kila wiki mambo waliyoyashukuru. Hao waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko wenzao walioandika kero zao. Kumbe shukrani hufunzwa, kama zinavyofunzwa stadi nyingine.

Kujiamini katika masomo nako hakuzaliwi na mtu. Mwaka 1977 Albert Bandura alieleza chemchemi zake 4: kufanikiwa katika kazi yenyewe, kuwaona wengine wakiifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia. Chemchemi mbili kati ya hizo hutiririka moja kwa moja kutoka kwa watu wengine. Mwanafunzi anayemwambia muuguzi, “Ahsante kwa kunielekeza namna ya kumwekea dripu mtoto aliyepungukiwa maji,” ameutaja ujuzi wake na ameitaja asili yake. Kesho akikwama, anajua pa kwenda. Bali anayedhani kila alichonacho amekipata peke yake huona haya kuuliza. Na haya hiyo hulipwa na mgonjwa, siku dozi inapokisiwa badala ya kuhakikishwa.

Kwa hiyo wakufunzi tusiidai shukrani kama kodi ya utii. Nasi tuwashukuru wanafunzi, tena kwa jambo mahususi: “Umefanya vyema kurudia kupima presha kabla ya kuandika.” Neno kama hilo hufunza kuliko sifa za jumla, na mwanafunzi mwenye wasiwasi hulihitaji kuliko wote.

Nawe mgonjwa, u mwalimu pia. Mwanafunzi akikuhudumia kwa upole, mwambie kilichokufaa. Akikuumiza, mwambie vilevile. Huduma bora ni haki yako, wala huinunui kwa kunyamaza.

Mwanafunzi mwenye shukrani ni yule anayekumbuka aliyemfundisha, kisha akamrudia kusema, “Hapa sijaelewa.” Tumsikilize, kwa maana uhai wa mtu waweza kuwa katika swali hilo.