Utayari na Kukamilika: Maoni kuhusu Istilahi Moja ya Kompyuta

Katika uundaji wa istilahi za kompyuta imezoeleka kutafsiri kwa ukanushi. Uingizaji na utoaji wa data usioisimamisha programu huitwa, kwa mfano, "usiolandanishi". Hoja yetu ni kwamba istilahi ya namna hii yaeleza dhana isivyo, bila kueleza ilivyo, na upungufu huo hudhihirika pale mifumo miwili inapokutanishwa.

Tuchukue Wine, tabaka la upatanifu lililoanzishwa mwaka 1993 ili programu za Windows ziweze kuendeshwa katika Linux. Programu ya Windows ikitaka kusoma data huweza kuacha ombi, pamoja na mahali pa kuiwekea data hiyo, ikaendelea na shughuli nyingine. Baadaye hupashwa habari kwamba kazi imekwisha. Mkabala wa jadi wa Unix, uliorithiwa na Linux, ni mwingine: programu huambiwa tu kwamba data sasa yaweza kusomwa, nayo huenda kuisoma yenyewe. Kwa hiyo anayeongeza huduma hii katika Wine hawezi kutafsiri neno kwa neno. Ombi hutunzwa, utayari husubiriwa, usomaji hufanywa, ndipo programu iarifiwe. Tena, kwa faili la kawaida lililo katika diski, Linux husema daima kwamba li tayari, hata kama data haijafika kwenye kumbukumbu. Programu hujikuta ikingoja palepale ilipoahidiwa kutongoja. Njia ya io_uring, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2019, hutoa taarifa ya kukamilika, lakini ni nyongeza juu ya mkabala wa zamani.

Tofauti hii si ngeni vijijini. Mkulima wa kahawa wa Karagwe, au wa Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huipeleka kahawa yake chama cha msingi, hupimiwa, hupewa stakabadhi, kisha hurudi kupalilia migomba. Wengine humuuzia, na malipo humfuata. Lau kahawa ingebaki nyumbani, akatangaziwa tu kwamba mnunuzi amefika, naye akaacha jembe kwenda kuuza mwenyewe, huo ungekuwa utayari. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Runyambo nyumbani na Kiswahili shuleni hachanganyi mambo hayo. Wanaoyachanganya ni wanaistilahi.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Kiambishi -me- hueleza hali iliyopo ("njia imefunguka") na pia tendo lililokwisha ("mzigo umepokelewa"). Mwongozo wa programu ukitegemea kiambishi hicho pekee, msomaji hatajua kama aende kusoma data au kama imekwisha kusomwa.

Tunapendekeza "taarifa ya utayari" na "taarifa ya kukamilika". Hatukuchagua "ukamilifu", kwa sababu ombi huweza kukamilika kwa kushindikana: mkulima naye huweza kurudishiwa stakabadhi na kuambiwa kwamba kahawa yake imekataliwa.