Ndege Haimfundishi Mtu

Mwaka jana, kwenye harambee moja nje kidogo ya Eldoret, baba mmoja alisimama mbele ya hema akatangaza kwamba ameuza ekari mbili ili mwanawe aende majuu. Watu wakapiga makofi. Kijana alikuwa kwenye kiti cha mbele, suti mpya, na nilipomuuliza anakwenda kusomea nini akanijibu, "Kozi nitajua nikifika."

Hakuna aliyeshtuka. Hapa kwetu Uasin Gishu tumeamini kwamba kuvuka bahari ni elimu tosha, kwamba aliyesoma ng'ambo ameona na aliyebaki hajaona kitu. Imani hii ni ya uongo, na imetugharimu.

Mwaka wa 2023 wazazi walikuwa wamelipa karo za watoto wao kupitia mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada, wengine baada ya kuuza ng'ombe na mashamba. Vyuo vya Finland vikaanza kudai karo ambazo wazazi walijua wamekwisha kulipa, na mwezi wa Agosti wakaandamana mjini Eldoret. Maafisa wa kaunti waliposhtakiwa, waendesha mashtaka walitaja zaidi ya shilingi bilioni moja. Maafisa hao wajibu mahakamani, siwatetei. Ila neno Finland lenyewe lilikuwa limetutosha, hata wengi wetu hatukuuliza zaidi.

Kijana aliyepelekwa kwa bei ya shamba anakwenda kulikomboa shamba. Usiku anaosha vyombo hotelini au kuwageuza wazee kitandani, mchana anasinzia darasani. Akipiga simu nyumbani anasema mambo ni sawa. Atasemaje vingine kwa baba ambaye hana tena pa kupanda mahindi?

Na sisi tukitazama angani, wenzetu wanakuja hapa. Tangu ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Indiana University uanze, yapata miaka thelathini na mitano sasa, wanafunzi wa udaktari kutoka Marekani wamekuwa wakikaa Eldoret, wakizunguka wodi za Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pamoja na wenzao wa hapa. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, safari ya matatu moja kutoka mjini, ulianzishwa mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi iliyoanzia pale ndiyo iliyozaa OpenMRS, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Kati ya vijana tunaowachangia, ni wangapi wamewahi kusikia habari hiyo?

Wanafunzi wa udaktari wa Moi hupelekwa vijijini, katika mpango uitwao COBES, wakajue watu wanaugua nini na kwa nini. Baadhi yao baadaye huenda Indianapolis kwa muda mfupi. Hao safari huwafaa sana, maana wamekwisha kukijua cha kwao na wanalo la kulinganisha.

Harambee nyingine imepangwa Jumamosi hii, na nitakwenda. Kabla sijatoa hata shilingi nitasimama nimuulize kijana mbele ya wote: unasomea nini, karo inaingia akaunti ya nani, na kazi unayoisomea utaifanyia wapi? Kama hana jibu, mchango wangu nitarudi nao nyumbani, hata baba yake akinuna.