UCHANGANUZI: Siri kuhusu fedha za utafiti hazimfai mtafiti wala mlipa ushuru

RAIA wa Kenya aliye na karatasi, kalamu na subira ya siku 21 anaweza kuiandikia taasisi yoyote ya umma ya utafiti, kwa Kiswahili, akitaka kujua ilipokea fedha ngapi, kutoka kwa nani, na zimefanya kazi gani.

Halazimiki kueleza sababu ya kuuliza. Halipi ada ya kuwasilisha ombi. Na iwapo hajui kuandika, afisa anayepokea ombi anatakiwa kuliweka katika maandishi kutokana na maelezo yake ya mdomo.

Haki hiyo imo katika Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, na utaratibu wake umewekwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari iliyoanza kutekelezwa Septemba 2016. Hata hivyo, katika sekta ya utafiti haki hii ingali kama jembe lililotundikwa ukutani huku shamba likimea magugu.

Wapo wanaohofia kwamba maswali ya aina hii yatawasumbua wanasayansi bure na kuwatisha wafadhili. Kisa kilichoitikisa Marekani tangu 2020 kinatoa funzo tofauti. Pale kumbukumbu za utafiti zinapofichwa au kukosekana, mtafiti mwaminifu huwa miongoni mwa wanaoumia, hata akiwa maelfu ya kilomita kutoka palipotendeka kosa.

Mnamo 2014, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, maarufu NIH, ziliidhinisha ruzuku kwa shirika lisilo la kiserikali la EcoHealth Alliance, lililokuwa na makao jijini New York. Kazi yake ilikuwa kuchunguza virusi vya corona vinavyobebwa na popo. Ruzuku hiyo ilikuwa ya takriban dola milioni 3.1, na kati ya hizo dola 599,000 ziligawiwa Taasisi ya Virusi ya Wuhan, nchini Uchina.

Fedha za mlipa ushuru wa Marekani zilitoka serikalini zikaingia kwa shirika, na kutoka kwa shirika zikaingia katika maabara ya ng'ambo. Kila zilipohama mkono, uwezo wa mwenye fedha kuona kinachoendelea ulipungua.

Ugonjwa wa Covid-19 ulipozuka katika jiji hilohilo la Wuhan mwishoni mwa 2019, ruzuku ambayo watu wachache waliifahamu iligeuka kuwa hoja ya kisiasa. Mnamo Aprili 2020 NIH iliifuta. Wanasiasa walitoa madai makali na wanasayansi wakajibu, lakini umma haukuwa na stakabadhi za kusoma ili ujiamulie wenyewe.

Hapo ndipo chombo cha habari cha The Intercept kilipotumia sheria ya uhuru wa habari ya Marekani, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Julai 4, 1966. Sheria hiyo huipa afisi ya serikali siku 20 za kazi kujibu ombi. Jibu halikuja kwa wepesi huo, na chombo hicho kililazimika kwenda mahakamani. Ilipofika Septemba 2021, zaidi ya kurasa 900 zilikuwa zimetolewa, zikiwemo nakala za mapendekezo ya utafiti na ripoti za maendeleo ya kazi.

Ni muhimu kueleza kile ambacho kurasa hizo hazikuonyesha. Hazikuthibitisha kwamba virusi vya Covid-19 vilitengenezwa au kutoroka katika maabara. Wataalamu waliozisoma walieleza kuwa virusi vilivyotajwa humo vilikuwa mbali sana kijenetiki na kile kilichosababisha janga. Chanzo cha janga hilo kingali kinabishaniwa.

Zilichoonyesha ni jambo la kawaida zaidi, na pengine la kutia wasiwasi zaidi: usimamizi ulikuwa umelegea. Mnamo Oktoba 2021 NIH ililiandikia Bunge la Congress kwamba shirika hilo halikuripoti mara moja matokeo ya jaribio ambapo panya walioambukizwa virusi vilivyobadilishwa waliugua zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Isitoshe, ripoti ya mwaka wa tano wa mradi, iliyostahili kuwasilishwa 2019, iliwasilishwa Agosti 2021.

Januari 2023, afisi ya Inspekta Mkuu katika wizara ya afya ya Marekani ilitoa ripoti yake ya ukaguzi. Iligundua kuwa NIH haikuufuatilia mradi huo ipasavyo wala kuchukua hatua kwa wakati. Iligundua pia kuwa EcoHealth Alliance ilishindwa kupata kumbukumbu za kisayansi kutoka kwa maabara ya Wuhan iliyokuwa imeipa fedha, na kwamba dola 89,171 zilitumika kwa gharama zisizoruhusiwa.

Lakini ripoti hiyohiyo ilisema jambo ambalo mahasimu wa shirika hilo hawakulitarajia: NIH nayo ilikosea utaratibu ilipoifuta ruzuku mnamo 2020. Hiyo ndiyo faida ya ukaguzi unaofuata stakabadhi badala ya kelele. Ulimpata na hatia aliyekosea, na ukamtetea huyohuyo pale alipoonewa.

Kisa hicho kilikuwa na upande mwingine wa aibu. Mnamo Mei 2024, kamati ya Baraza la Wawakilishi iliweka hadharani barua pepe za mshauri mmoja mwandamizi katika NIH, zilizoashiria kwamba alitumia anwani yake ya kibinafsi ili mawasiliano yake yasifikiwe na wanaoomba habari. Mwezi huohuo wizara ya afya ilisimamisha ufadhili kwa EcoHealth Alliance, na Januari 2025 ikalizuia kupokea fedha za serikali kwa miaka mitano.

Msomaji wa Kisumu au Kilifi anaweza kuuliza yanamhusu nini mambo hayo ya New York na Wuhan. Jibu limo katika yaliyofuata.

Baada ya ukaguzi, NIH ilitunga kanuni mpya mnamo 2023. Taasisi za kigeni zinazopokea mgao wa ruzuku kupitia mashirika au vyuo vya Marekani zilitakiwa kuwapa wagawaji hao nakala za daftari za maabara na data. Pendekezo la kwanza lilitaka hilo lifanyike mara kadhaa kwa mwaka. Watafiti wa nchi nyingi walilalamika, na sharti likalegezwa kuwa angalau mara moja kwa mwaka.

Kisha, Mei 1, 2025, NIH ilitangaza kwamba itaacha kutoa migao ya aina hiyo kwa taasisi za nje hadi utaratibu mpya utakapoundwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba fedha zikishapita kwa mpokeaji wa kwanza, ni vigumu kuzifuatilia. Ni kweli kwamba tangazo hilo lilikuja wakati utawala wa Rais Donald Trump ulikuwa ukipunguza misaada ya nje kwa jumla. Hata hivyo, hoja iliyotumiwa ilikuwa ileile ya kumbukumbu kukosekana.

Miongoni mwa walioguswa ni taasisi za Afrika, zikiwemo za Kenya, ambazo kwa miaka mingi zimefanya utafiti wa Ukimwi, malaria na kifua kikuu kwa fedha zinazopitia vyuo vikuu vya Marekani. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.

Funzo la kwanza kwa Kenya ni kwamba haiwezi kuendelea kutegemea mfuko wa jirani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 ililiona hilo mapema. Iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuagiza kwamba kila mwaka wa kifedha itengewe asilimia mbili ya Pato la Taifa.

Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Pato la Taifa mnamo 2023 lilizidi shilingi trilioni 15, kumaanisha kuwa sheria ingefuatwa, utafiti ungetengewa takriban shilingi bilioni 300. Kiasi ambacho serikali imekuwa ikitoa ni sehemu ndogo mno ya hizo.

Wasomi wana haki ya kudai serikali itimize ahadi yake. Lakini dai hilo litakuwa na nguvu zaidi iwapo mkulima, mgonjwa na mlipa ushuru wa kawaida wataweza kuona jinsi kile kidogo kinachotolewa kinavyotumika. Ni vigumu kumshawishi Mkenya anayelipa ushuru kwa jasho aongeze fedha katika kapu ambalo hajawahi kuonyeshwa ndani yake.

Hilo ni funzo la pili, na ndipo umuhimu wa sheria ya 2016 unapojitokeza.

Kuna wanaosema kazi hiyo ni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ni kweli Katiba inamtaka athibitishe iwapo fedha za umma zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa njia ifaayo. Hata hivyo, ripoti zake huja baada ya mwaka wa kifedha kumalizika, na hawezi kuufuata kila mradi hadi shambani au wodini. Mkulima wa mahindi aliyeahidiwa mbegu inayostahimili ugonjwa anajua kama mbegu hiyo ilimfikia. Anachokosa ni stakabadhi inayoeleza ni nini kilichoahidiwa, kwa shilingi ngapi na kufikia lini.

Sheria inampa stakabadhi hiyo. Afisa mkuu wa taasisi, au aliyekabidhiwa jukumu hilo, anatakiwa kuamua kuhusu ombi ndani ya siku 21, na anaweza kuongeza muda mara moja pekee kwa siku zisizozidi 14. Habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Mwombaji anaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala tu.

Aidha, sheria haiyagusi mashirika ya serikali pekee. Shirika la kibinafsi linalotumia fedha za umma, au linaloshikilia habari muhimu kuhusu afya ya umma na mazingira, nalo linaweza kuulizwa. Njia ambayo fedha za Marekani zilitumia kupotea machoni, yaani kupitia mkono wa pili na wa tatu, kwa Kenya imezibwa na sheria yenyewe.

Anayenyimwa jibu anaweza, ndani ya siku 30, kukata rufaa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo wengi huijua kama Afisi ya Ombudsman. Tume hiyo ina mamlaka ya kuagiza habari itolewe.

Mahakama nazo zimeonyesha kwamba sheria hii ina meno. Mnamo Mei 2022, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu mjini Mombasa aliamuru serikali itoe stakabadhi za mradi wa reli ya kisasa, SGR, baada ya wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo kuziomba bila mafanikio. Novemba mwaka huo, serikali mpya ilitoa hadharani mikataba ya mikopo ya mradi huo. Ikiwa mkataba wa reli uliogharimu mabilioni ya pesa na kuhusisha serikali ya kigeni unaweza kusomwa na raia, hakuna sababu ya mkataba wa utafiti wa viazi kubaki kabatini.

Bila shaka kuna mambo yanayostahili kulindwa. Majina na maradhi ya wagonjwa walioshiriki katika utafiti si ya kuanikwa, na mtafiti anayekaribia kusajili uvumbuzi wake hapaswi kuporwa. Sheria yenyewe inatambua hayo katika orodha ya habari zinazoweza kuzuiwa, zikiwemo zile za usalama wa taifa, faragha na maslahi ya kibiashara. Lakini inaongeza kuwa hata hizo zinaweza kutolewa pale manufaa kwa umma yanapozidi madhara.

Tofauti ni rahisi kuiona. Jina la mgonjwa ni siri. Kiasi cha ruzuku, jina la mpokeaji, tarehe ya ripoti na idhini ya kamati ya maadili si siri. Afisa anayeyachanganya haya mawili katika faili moja na kuifunga yote, iwe kwa hofu au kwa makusudi, anakiuka sheria.

Taasisi za utafiti zenyewe ndizo zingefaidika zaidi kwa kutosubiri barua. Sheria inazitaka zichapishe kwa hiari yao habari muhimu kuhusu shughuli na maamuzi yao. Jedwali moja katika tovuti, linaloonyesha kila ruzuku, mfadhili wake, wanaogawiwa na tarehe ya ripoti, lingejibu maswali mengi kabla hayajaulizwa. Pia lingekuwa ngao siku ambayo mfadhili wa ng'ambo au mwanasiasa wa nyumbani atadai kuwa fedha zimepotea.

Kwa upande wa raia, barua nzuri haihitaji wakili. Inahitaji kutaja mradi, mwaka wa kifedha na stakabadhi inayotakiwa, kisha tarehe na sahihi. Ombi la jumla la kutaka "habari zote" humpa afisa mvivu kisingizio, ilhali linalotaja ripoti mahususi humnyima pa kujificha.

EcoHealth Alliance na NIH zingeweza kuepuka sehemu kubwa ya masaibu yao iwapo ripoti ya 2019 ingewasilishwa 2019, na iwapo kurasa zile 900 zingefunguliwa kabla ya hakimu kuhusishwa. Taasisi za Kenya bado zina nafasi ya kujifunza kwa makosa ya wengine. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa watafiti wa nchi hii ambao hawana maradhi ya kuficha, hakuna haja ya kungoja kilio cha jirani kiwafikie tena.