Moli Haikaririwi

Wasee, tuseme ukweli. Uliza marafiki zako kemia iliwashinda wapi. Wengi watakwambia moli, kule kidato cha tatu.

Mwalimu wa TP anaandika ubaoni 6.02 × 10²³, anasema mkariri, kengele inalia. Anaijua kemia, sawa. Lakini kujua ni kitu kimoja, kufunza ni kingine.

Hapa Kitale hakuna mama sokoni anayehesabu punje za mahindi. Anapima kwa gorogoro, biashara inaendelea. Atomu nazo hazihesabiki, kwa hivyo tunapima: gramu 12 za kaboni ni moli moja. Darasa limeshika.

Halafu yule mjanja anayeketi nyuma anauliza: "Ticha, gorogoro ya maharagwe ina punje sawa na ya mahindi?" Hapana, haina. Hapo ndipo moli inaachana na gorogoro: idadi haibadiliki, uzito ndio hubadilika. Moli moja ya magnesiamu ni gramu 24, lakini atomu ni idadi ile ile. Mwalimu ambaye hakujiandaa kwa swali hilo atamwambia mtoto aketi chini.

Ombi langu kwa vyuo, kuanzia Kibabii pale Bungoma: kwenye mazoezi ya kufunza mbele ya wenzake, mtu asiachiwe ajichagulie mada. Hata mimi ukiniachia, nitachagua rahisi. Mpeni moli, mpeni elektrolisisi, aulizwe maswali hadi atoe jasho. Afadhali ajikwae mbele ya wenzake kuliko mbele ya watoto wanaongoja KCSE.

Mnasemaje?