Hadithi za Ziwa Bila Maswali

Kitabu cha kwanza cha Narnia cha C. S. Lewis kilitoka 1950, cha saba 1956. Watu wazima waliovisoma utotoni hukumbuka kabati la nguo, theluji, na taa inayowaka katikati ya msitu. Mafunzo ya dini yaliyofichwa humo wengi wao huyagundua ukubwani, na wapo wanaokasirika. Toleo hili ni la hadithi za mwambao wetu wa ziwa, ila nimemtanguliza mgeni huyo kwa makusudi: kinachobaki kichwani mwa mtoto ni mahali na hofu yake. Funzo ndilo hutangulia kusahaulika.

Kwetu mfululizo wa hadithi za ajabu haukuwa na mwandishi mmoja. Ulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto wa Kijaluo walilala na kusimuliwa. Sungura, fisi na zimwi Apul-Apul walirudi usiku baada ya usiku, na mtoto aliyewaacha jana aliwangoja leo. Msimulizi mwenyewe, pim, mara nyingi alikuwa ajuza aliyetoka nje ya ukoo, akaja na ngano za kwingine. (Wanaodai kwamba ngano hizi ni mali ya kijiji kimoja wamemsahau bibi huyo.)

Asenath Bole Odaga, mzaliwa wa Rarieda, 1937, alizitia ngano hizo katika vitabu vya watoto. The Hare's Blanket ilitoka 1967, Thu Tinda! ikatoka 1980. Kisha akaanzisha Lake Publishers hapa Kisumu, akachapisha kwa Kiingereza na kwa Kidholuo. Grace Ogot naye alimwandikia Apul-Apul kitabu kwa Kidholuo mwaka 1981. Odaga alifariki 2014, Ogot 2015.

Mwaka 1974 walimu na waandishi walikutana Nairobi School wakadai fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, ipewe nafasi yake madarasani. Odaga aliuitikia wito huo kwa Yesterday's Today, 1984, kitabu cha kufundishia fasihi simulizi. Shule iliziokoa ngano nyingi, sibishi. Lakini ilizivisha sare. Taja sifa tatu za mhusika mkuu. Eleza funzo. Kuna watoto wanaozijua hadithi hizi kama majibu ya mtihani tu.

Chukua Simbi Nyaima. Darasani ni hadithi ya ukarimu: ajuza mgeni anafukuzwa karamuni, mwanamke mmoja peke yake anampokea, usiku mvua inakimeza kijiji kizima. Sasa nenda Kendu Bay ukalione ziwa lenyewe. Ni shimo la volkeno lililojaa maji ya magadi yenye rangi ya kijani, ilhali Ziwa Victoria, hatua chache kutoka hapo, lina maji baridi. Heroe huja kula humo. Mtoto akisimama ukingoni hawazi ukarimu. Anawaza nyumba zilizo chini, na kama ngoma ya karamu ilinyamaza kabla ya maji kufika au baadaye.

Au Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke ziwani, akamwoa, akatajirika kwa ng'ombe, kisha akalewa na kumtukana. Mke akarudi majini na mifugo yote ikamfuata. Naam, ulevi ni mbaya. Lakini ng'ombe wakiingia ziwani mmoja baada ya mwingine, mwenyewe akiwatazama huku ameegemea fimbo mpaka akageuka mti, hilo ni jambo jingine kabisa, na mtoto wa miaka minane analielewa kuliko msahihishaji.

Kwa hiyo ngano zilizomo humu tumezichapa nzima, pamoja na mauaji, njaa na watu wasiopata malipo ya wema wao. Zimwi halikupunguzwa meno. Wazazi wawili waliosoma rasimu walitaka mwisho mmoja ulainishwe, tumekataa. Maswali ya ufahamu hayamo. Mwalimu anayeyahitaji ayatunge mwenyewe, na tafadhali asubiri kesho yake ndipo ayaulize.