Taa za karatasi tutengeneze wenyewe, moto ubaki jikoni

Kipupwe kimeingia, na hapa Kizota, Dodoma, kila Jumamosi kuna turubai limefungwa kwenye uwanja wa mtu: kipaimara, ubarikio, kumuaga binti. Kwenye kamati ninazoalikwa, fungu la mapambo limekuwa zito mno. Mpambaji analeta maua ya plastiki na taa za kukodi, asubuhi anafungasha vyake. Mimi nasema taa za uani tutengeneze wenyewe, kwa karatasi.

Nilifundisha Stadi za Kazi shule ya msingi, na ingawa nimestaafu, watoto wa mtaa bado wananiita mwalimu. Kwa kipaimara cha mpwa wangu tulikaa nao chini ya mwarobaini tukazifanya. Tangu Serikali ihamie Dodoma huku kunajengwa kila upande, kwa hiyo mifuko ya saruji haikosekani. Chagua ile ya karatasi tupu. Ikung'ute mbali na watoto, ukiwa umefunga pua na mdomo, kisha tenga tabaka lisilo na maandishi. Karatasi hiyo ni kavu na ngumu. Ifikiche mikononi mpaka ilegee kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Mbavu za taa ni vijiti vya fagio la chelewa vilivyolala kwenye maji, vikapindwa na kufungwa kwa uzi. Gundi ni uji mzito wa ngano. Ikishakauka ndipo unapitisha pamba yenye mafuta kidogo ya alizeti, na karatasi inaanza kupitisha mwanga wa rangi ya asali. Usitangulize mafuta, gundi haitashika.

Upepo wetu mnaujua. Taa ya kuning'iniza iachwe wazi juu na chini ili upepo upite. Za chini ni rahisi zaidi: mfuko wa kaki, wa aina ile iliyojaa madukani tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, na mchanga wa korongoni ndani yake.

Jambo moja sikubali kabisa: mshumaa au kibatari ndani ya karatasi, tena yenye mafuta. Weka taa ndogo ya betri. Na zile za kurusha angani zikiwa na moto zisiruhusiwe kwenye sherehe yoyote hapa. Usiku wa kuamkia mwaka 2020, huko Krefeld, Ujerumani, taa za namna hiyo ziliteketeza banda la sokwe kwenye bustani ya wanyama. Wanyama zaidi ya 30 walikufa. Sisi Kizota tuna maghala ya nafaka ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na nyasi za mwezi wa nane zinashika kwa cheche moja.

Jirani aliniambia, "Mwalimu, wageni watasema tumeishiwa." Nikamweleza habari za Isamu Noguchi, msanii wa Marekani mwenye asili ya Japani. Mwaka 1951 alifika Gifu, akawakuta mafundi wa taa za mianzi na karatasi, akabuni kwa ufundi huohuo taa zinazouzwa dunia nzima hadi leo, bado zikitengenezwa kwa mkono.

Kamati zinazokutana sasa zitoe nusu ya fungu la mapambo kwa vijana wa mtaa wenyewe. Walipwe kwa kila taa, kama fundi yeyote anavyolipwa, na baada ya sherehe taa zihifadhiwe kwa balozi wa nyumba kumi, anayefuata kuwa na shughuli akaazime.